Nilifunga Waya Mbili, Susu Mbeke Akafukuzwa Kwake

Nilikosa mimi. Si shetani, si dereva, si watu wa inspekshen. Ni mimi na hii mikono yangu!

Naomba mnichapishe hapa bila jina. Mke wangu huusoma ukurasa huu wa gazeti kila Jumapili tukitoka kanisani. Hukaa kwa kigoda nje ya jikoni, anasoma kwa sauti, huku akiwacheka wanaume wajinga wa watu wengine. "Ebu ona huyu naye!" husema. Nami hucheka pamoja naye. Miaka yote hiyo nimecheka, kumbe mjinga mwenyewe ndiye huyo amekaa karibu naye akichambua maharagwe.

Mimi ni fundi wa magari upande wa Nuu. Haya mambo yalianza miaka ya themanini, nikiwa bado kijana, jina langu likiwa kubwa kuliko kazi yangu. Gari ikisumbua kutoka huko kwetu mpaka Mwingi, watu walisema, "Mpelekeeni yule kijana." Sifa hiyo ilinilevya. Nilifika mahali siwezi kabisa kutamka neno "sijui".

Kanisa letu lilikuwa na pikapu moja. Ilinunuliwa kwa harambee, akina mama wakatoa kuku, wazee wakatoa mbuzi, na siku ilipofika watu waliiimbia kama bibi harusi. Ilibeba mapipa ya maji wakati wa kiangazi, ilibeba mahindi ya watu kwenda soko, ilibeba wagonjwa. Mwenyekiti wa kamati ya gari alikuwa mzee mmoja wa kanisa, nitamwita Mzee tu. Mzee alikuwa na binti. Huyo binti nilikuwa nimempenda vibaya sana, na kila mara Mzee akija gereji mimi nilikuwa najipangusa mikono haraka na kusimama wima.

Kando ya gereji palikuwa na mama mkongwe akiuza uji. Mbeke wa Nzioki. Sote tulimwita Susu, ndiyo nyanya kwa Kikamba. Alikuwa mjane, hakuwa mtu wa kanisa lolote, na alikuwa na ulimi! Akikuona umevaa vibaya anakuambia papo hapo. Lakini wakati najifunza kazi, sina mbele wala nyuma, huyo mama ndiye alikuwa akinijazia kikombe cha uji wa mtama na kunisukumia. "Kunywa wewe, usije ukaanguka ndani ya injini ya watu." Hakuwahi kuniuliza nitarudisha lini.

Sasa sikilizeni.

Siku moja ile pikapu ya kanisa iligonga mbuzi wa Susu barabarani ikamwua. Dereva hakusimama. Susu aliingia katikati ya barabara, leso imemwanguka, akapiga kelele huku ameelekeza kidole lile vumbi: "Endeni! Hiyo gari yenu haitafika mbali!" Soko lote lilimsikia. Mimi pia nilimsikia, nikacheka, kwa sababu hayo ni maneno ya mtu amekasirika. Nani hajawahi kuyasema?

Wiki haikuisha. Taa nyekundu ikawaka kwa dashibodi ya pikapu.

Ilikuwa taa ya oili, ile yenye kapicha ka kopo. Ikiwaka na injini inanguruma, inakuambia oili haipandi vizuri huko ndani, injini inajikwaruza yenyewe kwa yenyewe. Dereva aliniletea gari akiwa amejikunyata kama mtu aliyebeba maiti. Jumatatu ilikuwa siku ya inspekshen mjini Kitui, na gari ya mizigo bila kupita inspekshen haitembei. Inspekta akiona taa hiyo anakurudisha nyumbani. Na si taa tu, kulikuwa pia na moshi, ule wa bluu, nao anauangalia sana.

Nilipima oili, iko. Nikabadilisha swichi ya oili, nikaweka nyingine niliyoitoa kwa gari nzee. Taa ikazima. Nikapiga mluzi. Injini ilipopata moto, tii! Hiyo hapo tena.

Nilijua kilichobaki. Injini ifunguliwe kutoka chini, pampu ya oili itolewe, beringi ziangaliwe. Kazi ya wiki nzima, na pampu yenyewe ingetoka Nairobi. Na niseme ukweli ambao sijawahi kumwambia mtu: injini ya aina hiyo sikuwa nimewahi kuifungua. Niliogopa nikiifungua isirudi.

Ijumaa nikamwambia Mzee, "Mzee, hii kitu imenishinda." Nilitarajia angenikaripia. Hakunikaripia. Aliiangalia ile taa kwa muda mrefu sana, halafu akauliza kwa sauti ya chini, "Unakumbuka ni nani alisema gari hii haitafika mbali?"

Nilicheka kidogo. Yeye hakucheka.

Jumamosi mchana nikarudi kwa ile pikapu, moyo ukinisuta kwamba nimeshindwa mbele ya baba wa yule msichana. Ndipo ujanja ukanijia. Nikamwaga oili ya kawaida, nikaweka ile nzito ya giaboksi ili moshi ushikwe kwa siku chache. Halafu nikaingia chini ya dashibodi. Waya wa taa ya oili nikaukata, nikaufunga pamoja na waya wa taa ya chaji, ile ya betri. Mnaelewa? Ukiweka funguo, taa zote mbili zinawaka vile inspekta anataka kuona. Ukiwasha injini, chaji inaingia, zote mbili zinazima. Huko ndani injini inaweza kuwa inakufa, taa haina habari.

Nilipotoa kichwa nilimkuta Susu amesimama mlangoni na kikombe cha uji. Sijui alikuwa amesimama hapo tangu lini.

"Imepona?" akaniuliza.

"Imepona, Susu."

Aliangalia kile kipande cha waya mkononi mwangu. "Umeitibu ama umeiziba mdomo?"

Nikacheka sana. Nikapokea uji nikanywa.

Jumatatu asubuhi, kabla ya safari, nilikuwa nipeleke habari kwa Mzee kwamba nimetengeneza. Sikupata nafasi. Mzee alikuja na watu wa maombi, kama ishirini hivi, wakaizunguka gari pale gereji. Waliweka mikono kwa boneti, wakaomba mpaka jasho likawatoka. Walikemea kila neno lililotamkwa juu ya gari hiyo na kila kinywa kilichotamka. Susu alikuwa pale hatua chache, anakoroga uji wake. Alikuwa anasikia yote.

Dereva akaingia. Akaweka funguo, taa ikawaka. Akawasha injini.

Taa ikazima!

Aiya! Vigelegele! Watu walianguka chini, wakalia, wakashikana. Dereva aliingoja injini ipate moto, akaipiga resi, taa haikurudi. Mzee alinigeukia machozi yakimtoka, akanishika mabega. "Fundi, si wewe uliniambia hii imekushinda?"

Hapo ndipo nilikuwa na nafasi. Neno moja tu! Ningesema, "Hapana Mzee, nilifunga waya." Lakini macho yote yalikuwa kwangu, na binti yake alikuwa katika wale wa maombi, akinitazama vile sikuwa nimewahi kutazamwa.

"Ndiyo, Mzee," nikasema. "Ilinishinda."

"Mmesikia? Fundi mwenyewe ameshindwa, Mungu ameweza!"

Gari ikaenda Kitui. Inspekta akaikanyaga mafuta, akainama nyuma kuangalia moshi, akaangalia taa, akapitisha. Jumapili iliyofuata nilisimamishwa mbele ya kanisa nikatoa ushuhuda. Mimi! Nikashika maikrofoni nikasema nilijaribu kila kitu. Nilipoketi chini nilisikia mama mmoja nyuma yangu akimnong'oneza mwenzake, "Kwa hivyo ilikuwa kweli. Ilikuwa ni yule mama."

Hilo sikuwa nimelifikiria hata kidogo. Naapa sikuwa nimelifikiria! Kama maombi ndiyo yaliiponya taa, basi taa ilikuwa imerogwa. Na kama ilirogwa, aliyeroga anajulikana. Mimi ndiye nilikuwa nimesimama mbele ya watu nikamtolea Susu ushahidi.

Watu waliacha kununua uji wake polepole. Kwanza akina mama, halafu watoto wakakatazwa. Kisimani alikuwa akifika wengine wanachukua mitungi yao wanaondoka. Nilizidi kunywa uji wake mimi, lakini nilikuwa nikinywea ndani ya gereji ili nisionekane. Nilijiambia yatapita. Nilipewa yule msichana, tukafunga ndoa, na haikupita miezi mingi akashika mimba. Nilikuwa na furaha ambayo nikiiangalia vizuri ilikuwa imekaa juu ya waya mbili.

Nilimwambia Mzee mara mbili kwamba gari hiyo iletwe nifungue injini, "ya kuangalia tu". Akanikatalia. "Kitu Mungu amefunga, wewe unataka kufungua?"

Karibu mwaka uishe, mkanda wa feni ulikatika. Ni kitu kidogo kabisa. Mkanda ukikatika, chaji inakosa, taa ya chaji inawaka. Ingekuwa ni hivyo tu, dereva angeegesha gari na kuweka mkanda mwingine. Lakini kwa sababu yangu mimi, ziliwaka mbili! Ile taa ya Susu iliwaka tena, nyekundu, pamoja na mwenzake, gari ikiwa inateremka mlima na Mzee amekaa mbele.

Dereva aliniambia baadaye kwamba aliona kama macho yamefunguka. Alipiga kelele, akakanyaga breki, akakata usukani. Pikapu ililala ubavu mtaroni. Dereva alitoka na michubuko. Mzee alivunjika mguu juu ya goti, na mpaka leo anatembea kwa fimbo.

Nilikuwa wa kwanza kuitwa kwa ile ajali. Niliinamia pale chini ya dashibodi, nikaona fundo langu la waya liko vile nililiacha. Nikalikata. Nikalitia mfukoni. Nikatoka nikasema sijaona kitu.

Kesho yake ndugu za Mzee, wale wasio wa kanisa, walisema imetosha. Walimwita Susu aje apige kithitu.

Kwa msiokijua, kithitu ni kiapo chetu Wakamba, kitu cha kutisha huwekwa chini nawe unakigonga kwa kijiti ukiapa. Mtu hata akiwa ameokoka, akisikia jina hilo anapunguza sauti. Ukiapa uongo kinakula, na hakikuli peke yako. Kinaingia nyumbani mwako na kuchukua wako mmoja mmoja. Wazee wa kanisa walikataa kuja, lakini hawakuzuia pia. Watu walisimama mbali, upande ule upepo ulikuwa unatokea, ili usiwaletee hewa ya kile kitu. Mke wangu alikuja kwa niaba ya baba yake, tumbo limeshakuwa kubwa. Nilimwambia abaki nyumbani, akakataa.

Susu alipewa kijiti. Alikuwa amevaa leso safi. Akagonga bila kutetemeka, akasema kwa sauti ya kusikika na wote: "Kama ni mimi niliroga gari hiyo, kiapo hiki kinile."

Watu wakaguna. Hawakutarajia.

Mwenye kithitu akasema, "Sasa la pili. Sema: kama namjua aliyeigusa gari ile na ninamficha, kinile mimi, na yeye kimle na nyumba yake."

Jamani! Nilikumbuka kile kikombe, nikakumbuka macho yake kwa kile kipande cha waya. Nilijua akitamka tu neno "fundi", nimekwisha. Susu aliinua kijiti. Akatuangalia watu wote, akitupitisha macho mmoja mmoja. Alinifikia mimi akanipita. Akamfikia mke wangu, akakaa hapo kidogo.

Halafu akaweka kijiti chini.

"Hilo siwezi," akasema.

"Unamjua basi? Mtaje!"

"Nimesema siwezi."

Ee Mungu wangu, ile kelele! "Amekataa! Amekataa! Ni yeye!" Mtu akarusha jiwe. Alipewa mpaka jua litue awe ametoka. Vijana wakapanda juu ya nyumba yake wakaanza kung'oa mabati hata kabla hajatoa sufuria. Na mimi nilikuwa wapi? Nilikimbilia gereji, nikalala chini ya gari ambayo haikuwa na shida yoyote, nikashika spana. Niliona miguu yake ikipita barabarani, na mzigo. Ilisimama kidogo mbele ya gereji. Nilibana pumzi. Ikaenda.

Alienda kwa binti yake aliyeolewa Matiliku, huko Makueni.

Nilijidanganya kwamba hakujua. Nilisema, mama mzee vile anajua nini habari ya waya? Amekataa kwa sababu zake. Lakini mke wangu alipojifungua nilikaa miezi nikisikiliza pumzi ya mtoto. Akikohoa tu, natoka jasho. Alikua salama, msichana mzuri, mwenye nguvu. Kila mwaka akiongeza, mimi naogopa zaidi, kama mtu anayeona taa imewaka na gari bado inatembea.

Miaka ikaenda. Siku moja mtu wa Makueni aliniletea gari, katika mazungumzo akasema kuna mama kule Matiliku asili yake ni Nuu, amepofuka, anaitwa Mbeke. Nilimdanganya mke wangu kwamba naenda kutafuta spea. Nikaenda na binti yangu. Nafikiri nilimchukua ili nisirudi njiani.

Susu alikuwa amekaa ameegemea ukuta, amekonda, macho meupe. Sikuwa nimesema lolote. "Unanuka oili," akasema. "Umechelewa, fundi."

Nilipiga magoti kwa ule mchanga nikalia kama mtoto. Nikasema yote.

"Mimi nilikuona ukifunga hizo waya," akasema.

"Kwa nini hukunitaja, Susu? Kwa nini hukusema?"

"Ningekutaja, wangekuambia na wewe upige kithitu." Akanyoosha mkono hewani, akitafuta. "Na mimi nilikuwa nakujua. Ungepiga. Ungeapa uongo pale pale, na mke wako amesimama na ile mimba." Mkono wake ukapata kichwa cha binti yangu, akakipapasa polepole, masikio, mashavu. "Ni huyu?"

"Ni huyu, Susu."

"Haya. Ni mzuri."

Aliniomba kitu kimoja tu. Hakutaka nguo, hakutaka chakula. Alitaka nirudi Nuu niseme ukweli mbele ya watu, ili arudi kuzikwa kwake, kando ya mume wake. Mwajua kwetu ni aibu ya namna gani mama kuzikwa kwa wakwe zake, kwenye shamba alikoolewa binti yake, kama mtu asiye na kwao. Nikamwahidi. Nilimshika mikono yote miwili nikamwahidi!

Nilirudi. Nikasema wacha kwanza mguu wa Mzee upate nafuu, ulikuwa unamsumbua tena. Nikasema wacha mavuno yaishe. Nikasema wacha Krismasi ipite, si vizuri kuharibia watu Krismasi.

Susu alikufa kabla ya mvua. Amezikwa Matiliku, mwisho wa shamba la wakwe, karibu na ua. Niliambiwa na yule yule mtu wa gari.

Sasa nawaambia nyinyi mafundi wenzangu: taa ikiwaka usiizibe. Mwambie mwenye gari, "Imenishinda," hata kama baba ya mchumba wako ndiye amesimama hapo, hata kama inspekshen ni kesho. Aibu yake ni ya siku moja. Na wewe usiye fundi, kama una neno moja ambalo likitoka litamwokoa mtu, usingoje mavuno. Litoe leo, likutoke na meno!

Mtaona kwamba sikuandika jina la Mzee, wala la dereva, wala la mke wangu, wala langu. Jina nililoliandika ni moja tu, na nimeliandika vile liko. Mbeke wa Nzioki hakuroga gari. Hakuwahi kuroga kitu chochote.

Mke wangu analijua jina hilo. Jumapili hii tukitoka kanisani atakaa kwa kigoda chake, afungue gazeti hapa, aanze kusoma kwa sauti huku akicheka. Nitakuwa nimekaa karibu naye. Sitaenda gereji.